Cheo cha Delamere na ahadi za daima

Bwana mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mliotoka Gilgil na Elmenteita, na nyinyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie historia ya cheo kimoja cha kurithi cha Uingereza. Nimechagua kile ambacho jina lake kila abiria wa barabara ya Nakuru amelisikia. Gari likifika Naivasha, makanga anaita "Delamere!", watu wanashuka kunyoosha miguu, wananunua maziwa na yogati, kisha wanapanda na safari inaendelea. Jina hilo ni la msitu ulioko Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Mtu aliyelileta huku alilirithi kwa baba yake akiwa kijana wa miaka 17.

Niwaambie mapema msimamo wangu. Serikali ya Mfalme wa Uingereza iliwaandikia watu mbalimbali ahadi za daima. Ile iliyoandikiwa familia hii mwaka 1821 imetimizwa neno kwa neno, mpaka leo zaidi ya miaka 200. Ile iliyoandikiwa Wamaasai mwaka 1904 ilivunjwa baada ya miaka saba. Anayetaka kuielewa ardhi hii tunayoikalia inambidi azisome ahadi hizo mbili pamoja.

Tuanze na cheo chenyewe, maana watu wengi hudhani ulodi ni utajiri tu au ni tuzo ya heshima. Malodi wa kurithi wa Uingereza wana ngazi tano, na baroni ndiye wa ngazi ya chini kabisa. Mfalme hutoa hati yenye muhuri mkuu wa dola, na ndani ya hati hiyo hueleza cheo kitapita kwa nani. Kwa kawaida maneno ni haya: kwa mwenye cheo, na baada yake kwa warithi wa kiume waliotoka katika mwili wake. Basi. Mwenye cheo hawezi kukiuza, wala kukiweka rehani, wala kumwandikia wosia rafiki yake. Binti hapati. Mtoto wa nje ya ndoa hapati. Mtoto wa kulea hapati. Baba akifa leo saa nne usiku, mwanawe wa kwanza wa kiume ni lodi kuanzia saa nne hiyo hiyo, hata kama yuko ng'ambo na hajapata habari. Mpaka mwaka 1963 hata kukikataa haikuwezekana; sheria ya mwaka huo ndiyo iliyompa mrithi nafasi ya kukikana, tena kwa muda maalumu, na mwanawe bado atakuja kukirithi baadaye.

Familia yenyewe ni ya Cholmondeley. Jina huandikwa hivyo kwa urefu wote, lakini wenyewe hulitamka "Chamli". Makao yao yalikuwa Vale Royal huko Cheshire, mahali palipokuwa nyumba ya watawa iliyoasisiwa na Mfalme Edward wa Kwanza katika karne ya 13. Henry wa Nane alipozivunja nyumba za watawa, hiyo nayo ikafungwa mwaka 1538 na mali yake ikaingia mikononi mwa watu binafsi. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 17, ikanunuliwa na mwanamke mmoja mjane, Lady Mary Cholmondeley.

Kwa huyu mama naomba tusimame kidogo. Alizaliwa katika ukoo wa Holford, mtoto pekee wa baba yake. Baba alipofariki, baba mdogo akasimama na kudai kwamba mali ni yake yeye mwanamume. Lady Mary hakukubali. Kesi ilichukua takriban miaka 40. Hebu fikirini: msichana anaingia mahakamani, anaolewa, anazaa, anazeeka, na faili bado iko wazi. Mwishowe walipatana wakagawana. Mfalme James wa Kwanza, aliyefikia Vale Royal mwaka 1617 katika safari zake za kuwinda, inasemekana alimwita bibi jasiri wa Cheshire. Kwa mwanawe mmoja, Thomas, ndiko lilikotoka tawi la Vale Royal, na katika tawi hilo wakatoka akina Delamere. Yaani shina la nyumba hii ni mwanamke aliyepigania haki ya binti kumrithi baba yake, na cheo kilichokuja kutoka humo kikaandikwa kwa namna ambayo binti hawezi kukigusa. Dada zangu mliomo humu, na hasa nyinyi mliowahi kukaa barazani kwa chifu mkibishana na baba wadogo juu ya shamba la baba, nadhani mnamfahamu Lady Mary kuliko nimfahamuvyo mimi.

Jina la Delamere lilikuwa limetumika kabla yao. Mwaka 1661 Mfalme Charles wa Pili alimpa George Booth, bwana wa Dunham Massey huko huko Cheshire, cheo cha Baroni Delamer, kwa sababu mwaka 1659 aliongoza maasi ya kutaka ufalme urudishwe. Mjukuu wake alifariki mwaka 1758 akiacha binti mmoja tu, Mary. Binti akapata jumba na mashamba. Cheo kikampita, kikaenda kwa binamu wa kiume, na binamu huyo alipofariki mwaka 1770 bila mwana, kikafa pamoja naye. Mali ilipata njia, jina likakosa. Ndivyo vyeo vingi vya Uingereza vilivyozimika, bila vita wala mapinduzi: watoto wa kiume waliisha.

Miaka 51 baadaye, katika sherehe za kutawazwa kwa Mfalme George wa Nne mwaka 1821, Thomas Cholmondeley wa Vale Royal, aliyekuwa amewahi kuwa mbunge wa Cheshire, akafanywa Baroni Delamere. Wa kwanza huyo hana makubwa ya kusimulia, na wa pili, Hugh, vilevile alikuwa mbunge kabla ya kurithi. Kwangu jambo la maana juu ya wa pili ni umri. Alikuwa na miaka 58 alipopata mtoto wa kiume, mwezi Aprili 1870. Cheo kilikuwa kimebakiwa na uzi mwembamba. Mtoto huyo, naye akaitwa Hugh, alirithi mwaka 1887. Ndiye huyu wetu, Lodi Delamere wa tatu.

Alikuja Afrika kuwinda. Kuanzia mwaka 1891 alikuwa akienda Somalia, na huko simba alimjeruhi mguu. Akachechemea maisha yake yote. Mwaka 1897 alishuka na msafara kutoka Somalia kupitia kusini mwa Ethiopia, akapita jangwa, akafika Baringo na kupanda Laikipia. Mtu aliyetembea miezi katika ukame akatokea kwenye nyasi za Laikipia, unaweza kuelewa alichokiona. Asichokiona, au alichokiona asikipe uzito, ni kwamba nyasi zile zilikuwa na wenyewe.

Mwaka 1903 alihamia na mkewe, Lady Florence, binti wa lodi wa Ireland. Kamishna Sir Charles Eliot alikuwa akitafuta walowezi wa kuipa reli mizigo ya kubeba. Akampa Delamere eka 100,000 huko Njoro, kwa mkataba wa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 katika miaka mitano ya mwanzo. Walikaa kwenye vibanda vya nyasi, samani za fahari kutoka Uingereza zimepangwa juu ya sakafu ya udongo.

Njoro ilimshinda mara ya kwanza. Kondoo wa kigeni aliowaleta kwa gharama kubwa wakadhoofu na kufa, na ng'ombe wakaugua. Nyasi zilikuwa za kijani na ndefu, lakini udongo ulikosa madini ambayo mifugo inayahitaji. Wamaasai walilijua eneo lile, ndiyo maana hawakulilisha kwa muda mrefu. Ujuzi ulikuwepo, umesimama pale pale malishoni na mkuki wake. Akageukia ngano, ngano ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Akamwajiri mtaalamu kwa fedha zake mwenyewe kuchanganya mbegu mpaka ikapatikana inayostahimili. Mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga, ambayo jina lake mnaliona dukani mpaka leo. Sitaficha kwamba katika kilimo alikuwa mtu wa kujaribu, na ngano ya Njoro ina deni kwake. Fedha za majaribio hayo zilitoka kwenye rehani ya mashamba ya Cheshire. Cheo hakiwekwi rehani, lakini ardhi inayokwenda nacho inawekwa, na mabenki hayakatai sahihi ya lodi.

Shamba lililomfaa ni Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, takriban eka 50,000. Hapo alikuwa akikaa na Wamaasai jioni, akizungumza Kimaasai, akiwaamini kuliko alivyowaamini walowezi wenzake wengi. Hayo yameandikwa na ni kweli. Vilevile ni kweli kwamba Soysambu ilipatikana kwa walowezi kwa sababu mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa.

Sasa tuifungue hiyo ahadi ya pili.

Mkataba wa 1904 ulitiwa sahihi na Kamishna Sir Donald Stewart, na kwa upande wa Wamaasai na Olonana mwana wa Mbatian, laiboni wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, pamoja na wazee wengine. Wakakubali kutoka Naivasha, Nakuru na bonde lote kwenye reli. Wengine wakaenda kaskazini, Laikipia. Wengine wakabaki kusini. Mkataba ukasema kutakuwa na njia yenye upana wa nusu maili ya kuunganisha sehemu hizo mbili, ili ndugu waweze kutembeleana na ng'ombe wapite. Ukasema wataachiwa angalau maili tano za mraba kwenye mteremko wa Kinangop, kwa ajili ya sherehe za tohara. Na ukasema yote haya yatadumu maadamu Wamaasai kama kabila wangalipo, na kwamba walowezi wa Ulaya hawataruhusiwa kuingia katika maeneo hayo.

Linganisheni maneno. Hati ya 1821: cheo kidumu maadamu kuna mwana wa kiume wa ukoo ule. Mkataba wa 1904: ardhi idumu maadamu Wamaasai wapo. Sharti ni la aina moja, yaani uhai wa kizazi. Na Wamaasai, Mungu awazidishie, hawakukoma. Wako humu ukumbini.

Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine. Olonana alikuwa amefariki mwaka huo huo, na serikali ikadai kwamba wasia wake ulikuwa watu wa Laikipia wahamie kusini. Walowezi waliitaka Laikipia, na sauti yao kubwa kuliko zote ilikuwa ya Delamere, aliyewahi kuongoza chama chao na kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria tangu lilipoanza mwaka 1907. Wazee wakatia alama kwenye karatasi. Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa kaskazini, naye aliweka alama yake kwa kushurutishwa, kisha akafanya jambo ambalo serikali haikulitarajia: akaenda mahakamani.

Kesi ya mwaka 1913 ilitupwa. Sikilizeni sababu yake. Mahakama ilisema nchi hii si koloni bali ni himaya, kwamba Wamaasai si raia wa Mfalme, na kwamba mikataba yao na serikali ni mikataba ya dola na dola, ambayo mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuisikiliza. Walihesabiwa kuwa taifa huru siku ile tu ambayo uhuru huo uliwanyima hakimu. Rufaa nayo ikakataliwa mwaka ule ule. Watu na mifugo wakaswagwa kuvuka milima kwenda kusini, na ile njia ya nusu maili ikawa haina tena pa kuunganisha.

Mimi nimefundisha historia kwa muda mrefu, na hapa ndipo huwa napandwa na hasira mbele ya wanafunzi. Lady Mary aliidai mali ya baba yake miaka 40 na kila mara alipata hakimu wa kumsikiliza. Ole Gilisho alifungiwa mlango kwenye kizingiti, kesi yake yenyewe haijasikilizwa.

Miaka miwili baadaye, 1915, sheria mpya ya ardhi ikawapa walowezi mikataba ya miaka 999. Hesabuni vizazi. Aliyepewa eka hizo mwaka 1915 alihakikishiwa mpaka mwaka 2914.

Florence alifariki mwaka 1914. Lodi akaoa tena mwaka 1928. Mke wa pili, Gwladys, baadaye alikuwa meya wa Nairobi. Lodi mwenyewe alifariki Novemba 1931 na kuzikwa Soysambu, akiacha deni la benki la karibu pauni 500,000. Mwanawe wa pekee, Thomas, akawa wa nne. Vale Royal, nyumba aliyoinunua Lady Mary, iliuzwa mwaka 1947 kwa kampuni ya kemikali ya ICI. Kuanzia hapo Baroni Delamere wa Vale Royal, maana ndivyo hati inavyosema, hakuwa na Vale Royal. Makao ya cheo cha Cheshire yakawa Elmenteita.

Watu wa Naivasha watauliza mbona sijamtaja Diana. Namtaja kwa sababu moja. Mwaka 1941 mpenzi wake, Lodi Erroll, alikutwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari nje ya Nairobi. Mume wake Diana, Sir Jock Delves Broughton, alishtakiwa akaachiliwa, na muuaji hajathibitishwa mpaka leo. Mwaka 1955 Diana akaolewa na Delamere wa nne. Mkasa huo umesimuliwa sana. Kisichosimuliwa ni kilichotokea kwa vyeo vya marehemu. Erroll hakuacha mwana, aliacha binti. Cheo cha Erroll ni cha Uskoti, cha zamani, na mapokeo yake yanamruhusu mwanamke, binti akakirithi. Lakini marehemu alikuwa na cheo kingine pia, Baroni Kilmarnock, kilichoandikwa kwa warithi wa kiume, na hicho kikampita binti kikaenda kwa kaka wa marehemu. Mtu mmoja, kifo kimoja, hati mbili, warithi wawili. Sikuzote ni karatasi inayoamua.

Uhuru ulipokuja, barabara ya Delamere katikati ya Nairobi ikaitwa Kenyatta, na sanamu ya Lodi iliyosimama hapo ikaondolewa ikapelekwa Soysambu. Familia ikachukua uraia wa Kenya na kubaki na shamba. Wa tano, Hugh, alirithi mwaka 1979. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1999 iliwaondoa malodi wa kurithi katika Bunge la Malodi, isipokuwa 92, na yeye hakuwa miongoni mwa 92. Cheo kikabaki kitupu: hakina kiti bungeni, hakina jumba la Cheshire.

Mwana wa pekee wa huyu wa tano, Thomas, ndiye mliyemsoma magazetini. Mwaka 2005 alimpiga risasi askari wa wanyamapori, Mmaasai, ndani ya Soysambu. Mwanasheria Mkuu akaondoa shtaka kabla ya kesi kusikilizwa, na nchi ikachafuka kwa maandamano. Mwaka 2006 fundi wa mawe akauawa kwa risasi katika shamba hilo hilo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia Thomas hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miezi minane, juu ya miaka mitatu aliyokuwa amekaa rumande Kamiti. Marehemu wote wawili waliacha wajane na watoto, na baadhi ya mliopo hapa mliwazika. Sitasema zaidi. Thomas alifariki mwaka 2016, kabla ya baba yake, kwa hiyo hakuwahi kuwa Lodi Delamere. Baba alipofariki mwaka 2024, cheo kiliruka kizazi kikaangukia kwa mjukuu.

Yeye ni wa sita. Tangu mwaka 2004 mrithi anayetaka kutambuliwa rasmi lazima aandikwe katika daftari la malodi huko London, na ili aandikwe hupeleka vyeti: cha kuzaliwa kwake, cha ndoa ya wazazi wake, na ushahidi wa kila kiungo mpaka kwa yule aliyemtangulia. Vyeti vikipatana na hati, anaandikwa. Hakuna anayemwambia kwamba hati ya 1821 ilitolewa na serikali nyingine, au kwamba mahakama haina uwezo wa kuisoma.

Agosti 2004, miaka 100 baada ya sahihi ya Olonana, Wamaasai waliandamana Nairobi na kuingiza mifugo katika ranchi za Laikipia, wakisema muda wa walowezi umekwisha. Serikali ya Kenya iliwajibu kwamba mikataba ya ardhi ni ya miaka 999, ikawatimua, na mzee mmoja akapoteza maisha. Mwaka 2010 katiba mpya ilipunguza miaka 999 kuwa 99 kwa wasio raia. Raia, kama ilivyo familia hii, haiwagusi.

Nimechapisha nakala za mkataba wa 1904 na wa 1911, ziko mezani hapo mlangoni, na chache zitapitishwa kwa wazee. Bwana mwenyekiti ametuachia nusu saa. Ningependa tuzisome kwa sauti, kifungu kwa kifungu, tukianza na kile cha maili tano za Kinangop, na yeyote ambaye babu yake alitahiriwa kule atueleze mahali penyewe ni wapi.